Jiwe Laini: Mto au Mtu?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Milima ya Uluguru, Morogoro)



Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya mawe. Tunajua wengine watacheka. Watasema: mawe tunayo tele, shamba la mlimani nusu ni udongo na nusu ni mawe, sasa kuna la kujifunza gani? Ni kweli, mawe tunayo. Lakini leo hatuzungumzi juu ya mawe yote. Tunazungumza juu ya mawe ambayo mkono wa mtu wa zamani uliyasugua mpaka yakawa laini. Mawe hayo ni vyombo vya kazi. Yapo ya kusagia, ya kutwangia, ya kukatia na ya kunolea.

Mawe ya namna hiyo hupatikana mashambani katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mtu analima, jembe linagonga, analitoa jiwe na kulitupa kando. Au analifanya figa. Au analitia katika msingi wa nyumba. Au linapondwa kuwa kokoto. Jiwe likishapondwa, habari iliyokuwamo imekwisha. Haliwezi kurudishwa hata kwa fedha nyingi.

Ninyi mmejifunza kusoma herufi. Kabla ya kisomo, karatasi iliyoandikwa na karatasi yenye madoa zilikuwa sawa machoni pa mtu. Baada ya kisomo, hazikuwa sawa tena. Jiwe nalo ni hivyo hivyo. Asiyejua kulisoma huona jiwe tu. Anayejua huona alama, na kila alama ina maana yake. Basi leo tujifunze jinsi wataalamu wa jumba la makumbusho wanavyoyasoma mawe haya na kuyapanga katika mafungu. Siyo kazi ya uganga. Ni kazi ya macho, vidole, kipimo na kalamu.

SWALI LA KWANZA: MTO AU MTU?

Milima yetu ya Uluguru ina maji mengi. Mto Ruvu unaanzia huku, na maji yake yanafika mpaka Dar es Salaam. Ngerengere unapita mjini Morogoro. Mgeta nao unatoka milimani. Mito hii inashuka kwa nguvu. Inayaviringisha mawe, yanagongana na kusuguana, mpaka yanakuwa laini kama yai. Kwa hiyo hapa kwetu jiwe laini peke yake si ushahidi wa kazi ya mtu. Mto nao ni fundi wa kulainisha.

Tutawatofautishaje mafundi hawa wawili?

Mto haubagui upande. Unalisugua jiwe pande zote. Jiwe la mto ni laini huku na huku, na pembe zake zote zimeviringika. Mtu anasugua upande anaouhitaji tu. Ukiona jiwe lina uso mmoja laini, na pande nyingine zina ngozi yake ya kawaida ya kukwaruza, simama ulitazame vizuri.

Lishike juani, liinamishe kidogo, mwanga uje kwa upande. Mara nyingi utaona michirizi myembamba. Kama michirizi inakwenda upande mmoja, mbele na nyuma, huo ni mkono wa mtu. Mto hauwezi kupiga mistari sambamba kama mistari ya daftari.

Kisha pitisha kidole. Uso uliosagiwa muda mrefu una bonde katikati. Bonde hilo hulioni vizuri kwa jicho, lakini kidole kinalijua. Weka ubao ulionyooka juu yake, utaona mwanga unapita chini ya ubao. Hapo umekwisha kujibu swali la kwanza.

Lakini tahadhari. Mara nyingi watu wa zamani waliokota jiwe la mto ambalo tayari lilikuwa laini, wakalitumia hivyo hivyo. Kwa hiyo jiwe lenye umbo la mto likionekana mbali na mto, juu kabisa kwenye kilima, jiulize: nani alilipandisha? Maji hayapandi mlima.

KUPASUA NA KUSUGUA

Kuna njia mbili kubwa za kutengeneza chombo cha jiwe. Njia ya kwanza ni kupasua. Unagonga jiwe kwa jiwe, linabanduka kipande chenye makali. Njia hii ni ya zamani sana. Katika Bonde la Olduvai, kaskazini ya nchi yetu, mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe wa kale ambaye umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Huko Olduvai yamepatikana pia mawe mengi yaliyopasuliwa, na mengine ni ya zamani kuliko fuvu hilo.

Njia ya pili ni kusugua. Unachukua jiwe gumu, unaligonga kidogo kidogo kulipa umbo, kama fundi anayetoboatoboa. Halafu unalisugua juu ya mwamba kwa mchanga na maji. Kazi hii inachukua saa nyingi, pengine siku nyingi. Faida yake ni nini? Makali yaliyosuguliwa hayamenyeki upesi. Na yakifa, yananolewa tena. Kila mwenye panga anaelewa jambo hilo.

Kwa hiyo jiwe lililosuguliwa huonyesha hatua zake zote, ukilitazama vizuri. Upande mmoja utaona makovu ya kupasua. Upande mwingine utaona vishimo vidogo vya kugonga. Kwenye makali utaona ulaini. Katika jumba la makumbusho, mtaalamu anaandika hatua hizo zote. Haandiki "jiwe laini" tu akamaliza.

MAFUNGU YA MAWE

Sasa tuyapange. Tuseme tuna meza kubwa, na juu yake kuna mawe 100 ambayo tumekwisha hakikisha ni ya kazi ya mtu. Tunayatenga kwa kazi yake, kama alama zinavyoonyesha.

Fungu la kwanza: mawe ya kusagia. Haya hayahitaji maelezo marefu kwa akina mama. Kuna jiwe kubwa la chini lisilotembea, na jiwe dogo la juu linaloshikwa mkononi. La chini lina bonde. Kama bonde ni refu, msagaji alisukuma mbele na kurudisha nyuma. Kama bonde ni la duara, alizungusha. Jiwe la juu lina tumbo lililolika, na pengine limelika pande zote mbili kwa sababu msagaji aligeuza. Wataalamu wanapima urefu, upana na kina cha bonde. Kina kikubwa maana yake ni miaka mingi ya kusaga.

Fungu la pili: michi na bakuli za jiwe. Mchi wa jiwe hautazamwi ubavuni, unatazamwa kichwani. Kichwa chake kina vishimo vya kugonga, au kimekuwa laini kwa kuponda. Bakuli la jiwe ni jiwe lililochimbwa katikati mpaka likawa chombo. Bakuli hizi zimepatikana katika nyanda za juu za Kenya, na pia kwetu Ngorongoro katika makaburi ya kale yenye marundo ya mawe. Mjerumani Hans Reck aliyachunguza makaburi hayo wakati wa utawala wa Wajerumani, na mwaka 1966 Mary Leakey alichapisha taarifa juu ya michimbo ya huko. Kazi ya bakuli hizo inajadiliwa mpaka leo.

Fungu la tatu: mawe yenye makali. Hapa ndipo penye shoka na tezo. Watu wengi huchanganya. Lakini fundi wa kuchonga vinu na mizinga hawezi kudanganywa. Lishike jiwe ulitazame kwa ubavu. Kama makali yapo katikati, na pande zote mbili zinateremka sawasawa, hilo ni shoka. Kama upande mmoja umenyooka na mwingine ndio unaoteremka, hilo ni la tezo. Shoka linapasua, tezo linachonga. Tazama pia kisogo cha jiwe. Kama kimepata ulaini au michubuko ya mpini, mtaalamu anaandika.

Fungu la nne: mawe yenye tundu. Ni mawe ya mviringo yaliyotobolewa katikati. Yamepatikana katika nchi kadhaa za mashariki na kusini ya Afrika. Mengine yalivishwa kwenye mti wa kuchimbia, yawe uzito wa kuusukuma mti udongoni. Watu waliotafuta mizizi ya kula walitumia chombo hicho. Tundu lake lina umbo la faneli mbili zinazokutana katikati, kwa sababu mtoboaji alianza upande huu, akamalizia upande ule.

Fungu la tano: vinoo, mawe ya ufinyanzi na mawe mengine madogo. Kinoo kina mfereji mwembamba au uso uliolika kwa kunoa chuma au mfupa. Jiwe la mfinyanzi ni kokoto ndogo inayong'aa upande mmoja, kwa sababu ilisugua chungu kibichi. Kuna na mawe madogo ya kusagia ugoro, dawa au udongo mwekundu. Mara nyingine rangi nyekundu bado imo ndani ya vishimo.

Jiwe moja laweza kuingia katika mafungu mawili. Jiwe la kusagia likipasuka, kipande chake kinafanywa kinoo. Shoka likivunjika makali, linafanywa nyundo. Hapo mtaalamu anaandika kazi ya kwanza na kazi ya pili. Halazimishi.

Kuna pia mwamba usiohamishika. Pengine kando ya maji utaona mwamba mkubwa wenye mifereji laini, mirefu kama mitumbwi midogo. Huenda watu walinolea vyombo vyao hapo. Huo hauendi makumbusho. Unaandikwa, unapimwa na unaachwa palepale.

JE, JIWE LAINI NI LA ZAMANI SANA?

Hapa tuwe waangalifu. Watu wengi husikia "zana za mawe", wakafikiri moja kwa moja juu ya watu wa kabla ya chuma. Mawazo hayo yana historia yake. Huko Denmark, katika jumba la makumbusho la Copenhagen, alikuwako mtu jina lake Christian Jürgensen Thomsen. Alikuta vitu vimerundikwa ovyo. Akavipanga katika nyakati tatu: wakati wa mawe, wakati wa shaba iliyochanganywa na bati, na wakati wa chuma. Mpango huo ulichapishwa mwaka 1836. Mwaka 1865 Mwingereza John Lubbock akaugawa wakati wa mawe mara mbili: mawe yaliyopasuliwa yakawa ya kale, na mawe yaliyosuguliwa yakawa ya baadaye, karibu na wakati wa kilimo.

Mpango huo ulisaidia Ulaya. Lakini haufai kila mahali. Katika Australia na Japani yamepatikana mashoka yenye makali yaliyosuguliwa ambayo umri wake unapita miaka 30,000, na watu wake hawakuwa wakulima. Na huku kwetu Afrika, kusini ya Sahara, sehemu kubwa haikupitia wakati wa shaba. Watu walitoka kwenye mawe wakaingia kwenye chuma. Na walipoingia kwenye chuma hawakulitupa jiwe. Mwenye jembe la chuma jioni alisaga kwa jiwe. Mhunzi mwenyewe alitumia jiwe kuwa fuawe.

Chukueni mfano wa hapa karibu. Huko Dakawa, kaskazini ya mji wa Morogoro, watafiti wamechunguza mahali ambapo watu walifua chuma na kufinyanga vyungu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2000. Kwa hiyo mtu akiokota jiwe la kusagia katika wilaya zetu, hawezi kusema tu: "Hili ni la kabla ya chuma." Laweza kuwa la miaka 3,000, la miaka 1,000, au la bibi wa bibi yako. Jiwe lenyewe halisemi umri. Kinachosema umri ni mahali lilipolala, na vitu vilivyolala pamoja nalo.

JIWE LA RADI NA MASHOKA YA UELE

Katika nchi nyingi watu waliookota mashoka ya jiwe walisema yameanguka kwa radi. Wazungu walisema hivyo. Afrika ya Magharibi walisema hivyo. Mwaka 1723, huko Ufaransa, mtaalamu Antoine de Jussieu aliyalinganisha mawe hayo na mashoka ya watu wa Amerika ambao wakati ule walikuwa bado wanayatumia. Akaona ni vitu vya namna moja. Basi akasema haya si ya radi, ni vyombo vya watu wa kale wa hapahapa.

Angalieni alivyofanya. Hakuwa na mashine. Alimtafuta mtu anayekitumia chombo hicho, akalinganisha. Hiyo ndiyo njia bora ya kusoma jiwe mpaka leo. Na ndiyo sababu ninyi mnahitajiwa.

Sasa twende Kongo. Kaskazini mashariki ya nchi hiyo kuna bonde la mto Uele. Yamepatikana huko mashoka mengi mazuri sana yaliyong'arishwa, na mengi ni ya jiwe zito lenye madini ya chuma. Mengi yalichukuliwa Ubelgiji wakati wa ukoloni, yakawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mwaka 1968 Francis Van Noten alichapisha kitabu baada ya kuyapanga kwa umbo, kwa kipimo na kwa aina ya jiwe. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini lilibaki tatizo moja. Mashoka mengi yaliokotwa juu ya ardhi na kupita mkono kwa mkono. Hayakuwa na maelezo ya mahali yalipolala. Kwa hiyo umbo lilijulikana, umri haukujulikana. Watu walidhani ni ya zamani sana, kabla ya chuma. Ilipofanyika michimbo baadaye, ikaonekana kwamba mashoka ya namna hiyo yalikuwako hata wakati ambapo chuma kilikwisha julikana.

Ndugu zangu, hilo ndilo neno letu kubwa leo. Jiwe lililong'olewa mahali pake bila kuandikwa ni kama mtoto aliyepotea ambaye hajui jina la baba wala la kijiji. Anakula, anacheka, anaonekana mzima. Lakini hawezi kurudishwa kwao.

MAHALI PANAPOZUNGUMZA

Tutazame sasa mawe yaliyokutwa mahali pake.

Kenya, karibu na Nakuru, kuna pango la Mto Njoro. Mwaka 1938 Mary na Louis Leakey walichimba hapo. Walikuta mabaki ya watu waliochomwa moto kabla ya kuzikwa, yapata miaka 3,000 iliyopita. Watu hao waliwekewa bakuli za jiwe, michi, mawe ya kusagia na shanga. Bakuli moja peke yake, likiwa dukani, lingesema: mimi ni bakuli. Lakini kwa kuwa yalikutwa pamoja kaburini, yanatuambia jinsi watu hao walivyowaheshimu wafu wao.

Kwetu Tanzania, kuna kijiji cha Luxmanda, Wilaya ya Babati, Mkoa wa Manyara. Kuanzia mwaka 2012 watafiti wa Tanzania na wa nchi za nje wamechunguza makazi ya wafugaji walioishi hapo yapata miaka 3,000 iliyopita. Walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika vitu vyao yamo mawe ya kusagia. Je, walilima? Mtu wa haraka atajibu: "Wana jiwe la kusagia, basi walilima." La, siyo lazima. Jiwe la kusagia linasaga mbegu za porini, linasaga dawa, linasaga udongo wa rangi. Jiwe linasema "nilisaga". Ili kujua lilisaga nini, lazima kutafuta mashahidi wengine.

USILIOSHE JIWE

Mashahidi wengine wapo ndani ya jiwe lenyewe. Unga unaingia katika vitundu vya jiwe, chembe ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Chembe hizo zaweza kukaa humo miaka mingi mno. Chini ya hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, mtaalamu anaweza kutofautisha unga wa mtama na unga wa kiazi.

Jirani zetu wa Msumbiji, katika mkoa wa Niassa, kuna pango la Ngalue. Mwaka 2009 mtafiti Julio Mercader alichapisha taarifa kwamba vyombo vya mawe vya pango hilo vilikuwa na chembe za mtama wa mwitu, na umri wake ni kama miaka 100,000. Wapo wataalamu walioitilia shaka taarifa hiyo. Ni haki yao, maana elimu huenda kwa kubishana. Lakini tukumbuke: kama mawe yale yangesuguliwa kwa sabuni na brashi siku ya kwanza, kusingekuwa na hata la kubishania.

Kwa hiyo, ukiokota jiwe la namna hii, acha lilivyo na udongo wake. Usilioshe. Usilipake mafuta ling'ae. Usijaribu kulinoa uone kama linakata.

KALAMU YENU NDIYO DAWA

Sasa tufanye nini? Kwanza, kama unaweza kuliacha jiwe palepale, liache. Weka alama ya mti, halafu toa taarifa. Kama liko njiani litapondwa au litachukuliwa na maji, liondoe. Lakini kabla ya kuliondoa, chukua kipande cha karatasi uandike. Majumba ya makumbusho yana kadi za namna hiyo. Ninyi mnaweza kutengeneza yenu kwa karatasi ya daftari. Huu ni mfano:

Kitu: jiwe la juu la kusagia.
Mahali: kijiji, kitongoji, shamba la mihogo, hatua 40 juu ya kijito, upande wa jua linakotoka.
Kina: shibiri moja chini ya udongo.
Vilivyokuwa pamoja: vigae vitano vya chungu, majivu, hakuna mfupa.
Tarehe: siku, mwezi, mwaka.
Aliyekiona: jina lako.
Kipimo: urefu sentimeta 14, upana 9, unene 5.
Alama: uso mmoja laini, michirizi inakwenda kwa urefu.
Wazee wanasemaje: (andika maneno yao kama walivyoyasema).

Tunaomba muutazame mstari wa mwisho. Siku hizi mashine za kusaga zimefika vijiji vingi. Ni jambo jema, akina mama wamepumzika mgongo. Lakini wapo bibi zetu waliosaga kwa jiwe tangu usichana. Wanajua jiwe lipi linatoa changa na lipi halitoi. Wanajua linagongwagongwaje ili lipate ukali tena. Wanajua jiwe la nafaka na jiwe la ugoro. Mtaalamu aliyesoma chuo kikuu hana elimu hiyo, mpaka aje kuiuliza. Bibi hao wakiondoka kabla ya kuulizwa, mawe mengi yatakaa rafuni na kadi zake zitaandikwa: "Matumizi hayajulikani." Kwa hiyo mwenye kalamu akae na asiyekuwa nayo, aandike.

Kisha mpelekee taarifa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ili imfikie Afisa Utamaduni wa wilaya. Naye ataipeleka kwa wahusika wa Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Jumba la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1940. Ni la wananchi. Mtu anayekwenda mjini anaweza kuingia akatazama.

Tukumbuke pia kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Kuvichimbia bila kibali ni kosa. Kuvifanyia biashara au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Akija mtu na gari zuri akasema, "Mzee, niuzie jiwe hili kwa shilingi kadhaa," mwulizeni kibali chake. Na fedha hizo zitakwisha wiki hiyo hiyo, lakini jiwe halitarudi.

Wengine watauliza: tukitoa taarifa, je, shamba letu litachukuliwa? Swali hilo ni la haki, hasa hapa Uluguru ambapo ardhi ni ya ukoo na ni finyu. Wazee wanakumbuka mwaka 1955, watu walipoukataa mpango wa wakoloni wa kuwalazimisha kuchonga matuta ya ngazi. Watu hawapendi mgeni aje kuwaamulia juu ya ardhi yao. Shauri letu ni hili: taarifa itolewe kwa mkutano wa kijiji, mbele ya wazee wa ukoo wenye shamba. Mtafiti akija, aonyeshe kibali, aeleze atachimba wapi na kwa siku ngapi, aandike anachokichukua, na nakala ya maandishi ibaki kijijini. Kijiji chenye watu wanaosoma kinaweza kudai hivyo. Kijiji kisichosoma kitaonyeshwa karatasi yoyote.

Basi ndugu, tusitoke hapa tukadhani kila jiwe ni hazina. Mawe mengi ya Uluguru ni mawe tu, na mto ni fundi hodari. Lakini jembe likigonga jiwe lenye uso mmoja laini, simama kidogo. Litazame juani. Pitisha kidole. Andika kabla ya kutupa.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jiwe lililolainishwa na mto linatofautianaje na lililosuguliwa na mtu?
2. Utajuaje kwamba jiwe lenye makali ni la shoka au la tezo?
3. Kwa nini umri wa mashoka ya Uele ulikuwa mgumu kujulikana?
4. Kwa nini hatupaswi kuosha jiwe la kusagia la kale?
5. Katika kitongoji chenu, ni nani aliyewahi kusaga kwa jiwe? Nendeni kwake na daftari. Andikeni majina anayoyaita mawe yake, na kazi ya kila moja.